Nililipa Mkopo kwa Mkopo Wenyewe

Pesa za kikundi sikuziiba. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililonidanganya mimi mwenyewe kwa muda mrefu. Sikujenga nyumba kwa fedha za wenzangu, sikununua pikipiki, sikuongeza mke, basi nikajihesabu mtu safi. Kumbe mweka hazina anaweza kuua mradi bila kutia shilingi mfukoni mwake, na wakati anauua akapigiwa makofi.

Tulikuwa vijana kumi, wa kike na wa kiume, wa kijiji kimoja cha Tunduru kilicho kando ya barabara iendayo Masasi. Kijiji sikitaji, maana wenzangu tisa hawakuomba kuanikwa. Ninayejianika ni mimi. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa, ikazilazimisha halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo fedha hizo zilitolewa kwa maagizo tu, halmashauri hii ikitoa, ile ikijikausha. Habari iliyoenea kijijini haraka kuliko nyingine zote ni kwamba mkopo huo hauna riba. Huku kwetu Waislamu ni wengi. Wazee waliokuwa wakituonya kila tulipotaja benki, safari hii walinyamaza, na mmoja akasema mkopo wa namna hiyo hata yeye angeuchukua kama umri ungemruhusu.

Andiko la mradi niliandika mimi. Nilimaliza kidato cha nne, nina mwandiko unaosomeka, na kijijini hayo mawili yanatosha kumfanya mtu kuwa mweka hazina. Tuliomba shilingi milioni 8 kwa ekari 20 za ufuta, pamoja na mabomba mawili ya injini ya kupulizia dawa. Hesabu ya mabomba niliijivunia sana. Ufuta ukishavunwa, msimu wa kupulizia mikorosho unakuwa umeshachanganya, na mwenye bomba halali kwa kuitwa. Ugonjwa wa ubwiri unga ukiingia kwenye maua ya mkorosho, mwenye shamba atatafuta salfa na mpuliziaji popote walipo. Kwa hiyo tungeanza na ufuta, kisha tungefuata na kazi ya kupulizia. Katiba tukaandika, muhtasari wa mkutano tukaugonga mhuri, mtendaji wa kijiji akasaini, faili likapanda kata, likaenda wilayani. Akaunti ikafunguliwa, watia saini tukawa watatu: mwenyekiti, katibu na mimi. Januari 2019 pesa zikaingia.

Siku ya kusaini mkataba tulisomewa kurasa zote kwa sauti. Sisi tulikuwa tunasikiliza tarakimu. Leo naweza kuyataja masharti yale nikiwa nimefumba macho. Fedha zitumike kwa mradi ulioandikwa na si kwa kingine. Wanachama wasigawane. Kifaa kilichonunuliwa kwa mkopo kisiuzwe wala kisiwekwe rehani hadi deni liishe. Vitabu viwe wazi kwa afisa wakati wowote. Wanachama wote wawajibike kwa deni lote, mmoja akitoroka wengine wambebee. Na kikundi kikiona kitashindwa kulipa, kiandike barua mapema. Hilo la mwisho ndilo jepesi kuliko yote, linataka karatasi moja na kalamu, na ndilo nililolivunja kwa muda mrefu zaidi.

Kulikuwa pia na ratiba ya marejesho. Miezi mitatu ya mwanzo hakuna kulipa, kisha karibu laki tisa kila mwezi kwa miezi tisa. Nikahesabu palepale kwa vidole, mkono ukiwa chini ya meza. Rejesho la kwanza Aprili, la pili Mei, la tatu Juni. Ufuta wetu hupandwa Januari na Februari mvua zikiwa zimekaa, huanza kuvunwa Mei inapoishia, na fedha za mnada huonekana mwishoni mwa Juni au Julai. Yaani marejesho matatu yangedaiwa kabla hatujauza hata punje. Niliona. Ningenyoosha mkono nikasema, jamani, zao letu ni la mara moja kwa mwaka, tupangieni tarehe za baada ya mnada. Niliogopa faili lisije likarudishwa kabatini, wenzangu wakasema mimi ndiye niliyewakosesha. Nikasaini. Hilo ndilo kosa la kwanza, na nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Aprili ilipofika, kwenye akaunti kulikuwa na fedha za palizi ya pili, za vibarua wa kuvuna, za maturubai na magunia. Afisa maendeleo ya jamii wa kata, dada mmoja mpole ambaye wazee walimwita Bibi Maendeleo, alinipigia simu kunikumbusha rejesho. Hakunitisha. Nikawaambia watia saini wenzangu kwamba tukichelewa mwezi wa kwanza tutaandikwa vibaya. Tukachukua kumbukumbu namba ya malipo, tukaenda benki mjini, tukalipa kutoka kwenye fedha zilezile tulizokopeshwa. Mei nikafanya vivyo hivyo.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwetu sisi hata kulipa kulikuwa harusi. Kwenye kikao cha kata tulitajwa kuwa kikundi cha mfano, nikasimamishwa, watu wakapiga makofi, na viongozi wa vikundi vingine wakaniomba niwafundishe kutunza hesabu. Nikawafundisha! Nilitembea na kaunta buku kwapani hata siku zisizo na mkutano. Hakuna aliyeuliza tulilipa kwa pesa gani wakati ufuta ulikuwa bado mbichi shambani, nami sikusema. Tulikuwa tunachota maji ya mto Muhuwesi na kuyarudisha mtoni kabla hatujapika, ili mto usituone wezi.

Palizi ya pili haikufanyika. Niliwaambia wenzangu bajeti imebana, tuingie shambani wenyewe. Wakaja nusu. Waliobaki walikuwa na mpunga na mahindi yao ya kuangalia, siwalaumu. Upande wa bondeni ufuta ulimezwa na majani, na upande wa juu ukaiva kwa mpigo. Asiyeujua ufuta hudhani ni zao la kungoja. Vitumba vya chini vikianza kukauka unakata, unafunga mabunda, unayasimamisha juu ya turubai yakauke, kisha unayageuza kichwa chini na kuyakung'uta. Ukichelewa, vitumba vinapasuka vyenyewe, punje zinamwagika ardhini, na hakuna mtu anayeweza kuziokota. Tulihitaji vibarua wiki ileile, na kwenye akaunti palibaki fedha za rejesho la Juni tu.

Nikalipa rejesho la Juni. Kisha nikamwita mtu wa kangomba.

Msomaji wa mjini huenda amelisikia neno hilo kwenye taarifa ya habari tu. Mtu wa kangomba huja kabla ya mavuno na noti mkononi, anakupa bei yake, na mzigo ukiwa tayari anaupima kwa chombo chake, si kwa mizani. Wa kwangu alikuja usiku na bakuli la plastiki la bluu. Ufuta hutiririka. Ukiujaza kwenye bakuli unapanda kilele, kilele kinaporomoka pembeni, naye chini ya bakuli alikuwa ametandika kitenge. Kilichoangukia kwenye kitenge hakikuhesabiwa. Mimi ndiye niliyemshikia tochi. Niliona kitenge kinajaa, nikanyamaza, kwa sababu pesa zake nilikuwa nimeshawalipa vibarua. Bei aliyonipa ilikuwa kama nusu ya ile tuliyoipata baadaye mnadani.

Ni biashara haramu, na msimu ule ilikuwa imepigiwa kelele kuliko misimu yote. Novemba 2018 Rais John Magufuli alikuwa amezikataa bei za wanunuzi binafsi wa korosho, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingizwa kazini kubeba mzigo, na wakulima wenye zaidi ya kilo 1,500 wakafuatwa hadi mashambani kuhakikiwa ili wenye kangomba wanaswe. Niliyashuhudia hayo yote. Miezi michache baadaye nikauza ufuta wa kikundi kwa mwanga wa tochi.

Kuna jambo jingine ambalo nililielewa nikiwa nimechelewa. Mapato ya ndani ya wilaya kama Tunduru hayatoki viwandani. Sehemu kubwa ni ushuru wa mazao, ile asilimia 3 inayokatwa zao la biashara linapouzwa. Kwa hiyo zile milioni 8 tulizoziita pesa za serikali zilikuwa zimekatwa kwenye korosho za baba zetu na mama zetu. Na kila bakuli la kangomba linapita bila ushuru. Nilikuwa nashindwa kulipa mkopo wangu, na papo hapo naupunguza mfuko ambao kijana wa kijiji cha pili alikuwa anasubiri kukopeshwa kutoka humo.

Ufuta uliobaki tuliupeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, ukauzwa mnadani. Pesa zilipoingia nililipa rejesho la Julai, na zilizobaki nikawagawia wenzangu kidogokidogo, nikiziita posho ya shamba. Mkataba ulikataza kugawana. Niliwagawia ili wasiulize, na kweli hawakuuliza.

Agosti nikauza bomba moja ili nilipe rejesho la mwezi huo. Nasema Agosti makusudi, ili anayeijua korosho ajionee: ni katikati ya msimu wa kupulizia, bomba likiwa ndicho kitu pekee kinachotuingizia pesa. Niliyemuuzia hakujua kuwa ni mali ya mkopo. Ili mauzo yawe na baraka nikaandika muhtasari wa kikao ambacho hakikukaliwa. Waliohudhuria, wajumbe 8. Ajenda: kufungua kikao, yatokanayo, mauzo ya bomba chakavu, mengineyo, kufunga kikao. Niliweka hata saa ya kufunga, na kwamba kikao kilifungwa kwa dua. Saini nilizibadilisha kwa kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, nyingine nikaziandika kwa mkono wa kushoto. Bomba lenyewe halikuwa chakavu hata kidogo. Katika yote niliyofanya, karatasi ile ndiyo inayonipa aibu kuliko zote, kwa sababu mengine naweza kuyaita woga au ujinga. Ile ilihitaji utulivu.

Septemba hakukuwa na cha kuuza isipokuwa bomba la pili, na hilo mwenyekiti alikuwa amelifungia chumbani kwake. Katibu akapendekeza tukachukue kausha damu mjini, ile mikopo ya mitaani yenye riba kali, tuzibe mwezi mmoja. Namshukuru Mungu kwamba mwenye kausha damu alitaka dhamana ambayo hatukuwa nayo, la sivyo leo ningekuwa naandika habari nyingine. Tukaacha kulipa. Deni lililobaki lilikuwa zaidi ya milioni tatu na nusu.

Hapo ndipo nilipohamia kwenye visingizio, na kilicho bora kilikuwa tayari sokoni. Malipo ya korosho zilizonunuliwa na serikali yalikuwa yamesuasua, wapo waliosubiri pesa zao miezi na miezi, na kijijini hakuna aliyekuwa na neno jingine mdomoni. Afisa alipopiga simu nilimwambia wanachama wanasubiri pesa za korosho ili wachangie. Ilikuwa kweli kwamba baadhi yao walikuwa wanasubiri. Ilikuwa uongo kwamba mradi wetu ulihusiana na korosho. Shida ya kweli ya watu ikawa kinga yangu.

Visingizio vilipochakaa nikaanza kujificha. Nikisikia pikipiki yake nilitokea mlango wa uani na kuingia kwenye mikorosho. Siku moja nilimwambia mke wangu aseme nimekwenda hospitali ya Mbesa kumwangalia mgonjwa. Afisa akauliza mgonjwa ni nani, ampe pole. Mke wangu hakuwa amepangiwa jibu la swali hilo. Akamtaja mama yake mzazi, mwanamke mzima asiyeumwa hata kichwa, kisha jioni akanigeukia na kuniambia kwamba nikitaka mgonjwa mwingine nimtafute upande wa ukoo wangu.

Sitaki kujificha nyuma ya jamii, lakini nisipoyasema mazingira nitakuwa nimesema nusu. Kumbukumbu za wazee wetu kuhusu mikopo ya kilimo ni ndefu. CRDB hii tunayoiona leo ina majengo ya vioo ilianza 1984 ikiwa benki ya ushirika na maendeleo vijijini, ikirithi benki ya vijijini iliyoanzishwa 1971. Vyama vya ushirika vilikopa, vikalemewa, na 1991 kikaundwa chombo kilichoitwa LART kuyafukuzia madeni mabaya ya mabenki. Ilipokuja kaulimbiu ya serikali ya Kilimo Kwanza mwaka 2009 yakafuata matrekta ya mkopo ya SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa miaka mingi tukawa tunasikia redioni wadaiwa wa matrekta wakibembelezwa na kutishiwa, wakiwamo wakubwa. Kijana anayekulia ndani ya masimulizi hayo hujifunza kwamba deni la serikali halina haraka. Nilichokuwa nakifanya mimi ni kulisubiri lichoke.

Halikuchoka. Mwanzoni mwa 2021 ililetwa barua ya madai, na mtendaji akaisoma kwenye mkutano wa kijiji, majina yote kumi, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimekaa nyuma. Kila jina liliposomwa watu waligeuka kumtafuta mwenye jina. Wenzangu wengi walikuwa wanaamini deni lilishalipwa, kwa kuwa mara ya mwisho walipomwona mweka hazina wao hadharani alikuwa anapigiwa makofi.

Aliyenifuata nyumbani jioni ile ni mwanachama mwenzetu mmoja, dada ambaye wakati wa ufuta alikuwa akipalilia na mtoto mgongoni. Kumbe miezi kadhaa nyuma yeye na wanawake wengine walikuwa wameunda kikundi cha kufuga kuku, wakaomba fungu la wanawake, na faili lao likarudishwa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye kikundi chenye deni sugu. Wenzake wakamwondoa kikundini ili wapate. Hakuwa na habari kwa nini anadaiwa. Hakuketi.

"Mlongo wangu," akaniambia, "siku utakayokufa watu wako watasimama kwenye maziko watangaze, anayemdai marehemu ajitokeze. Mimi nikijitokeza nitasema namdai nini? Jina langu?"

Sikuwa na la kumjibu. Siku hiyo sikulala, na kulipokucha nilikwenda ofisi ya kata na kaunta buku, risiti, na ule muhtasari wa kalamu mbili. Nilimweleza afisa kila kitu kwa mpangilio, pamoja na mgonjwa wa Mbesa. Alisoma muhtasari mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa polisi, nikaulizwa swali moja tu: kwa nini sikuja Aprili ya mwaka ule wa kwanza? Akasema vikundi vya ufuta na korosho vikiomba kupangiwa tarehe za baada ya mavuno, hoja yao inaeleweka hata kwa asiyewahi kushika jembe. Barua ingetosha. Nilipata uchungu ambao kukemewa kusingenipa.

Hakunifichia kosa, nami sikumwomba anifichie. Aliitisha kikao cha kikundi kizima na kuniweka mbele niyarudie yote kwa mdomo wangu. Kikao kilikuwa kibaya. Mwenyekiti alitoka nje. Kijana mmoja alitaka kunipiga, akashikwa. Katibu, ambaye alikuwa ametia saini kila hundi pamoja nami, alikaa kimya muda wote, na hadi leo hatujawahi kulizungumza jambo hilo sisi wawili. Mwishoni waliamua hivi: hasara ya kangomba na bei ya bomba, jumla milioni 1 na laki 8, nibebe peke yangu; iliyobaki tugawane wote kumi, nikiwemo. Tukaandika barua ya kuomba ratiba mpya, ikakubaliwa: laki 6 kila Julai baada ya mnada wa ufuta na laki 6 kila Desemba baada ya korosho. Ratiba ileile ambayo ningeiomba siku ya kwanza.

Fungu langu nililipa kwa korosho zangu mwenyewe, zikipita AMCOS kwa mizani. Msimu mmoja hazikutosha, nikauza baiskeli na mbuzi.

Jaribu la mwisho lilikuja Aprili 2023. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba serikali inasitisha mikopo ya asilimia 10 ili kuandaa utaratibu mpya, baada ya ukaguzi wa hesabu za serikali kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na fedha zilizokwenda kwa vikundi visivyokuwepo. Jioni hiyohiyo simu zikaanza kupigwa kijijini: deni limefutwa! Wenzangu wawili wakanifuata, safari hii wao ndio wakitaka tuache kulipa. Nikawaeleza kwamba kilichosimamishwa ni kutoa, si kurejesha. Mmoja akanitazama sana, nadhani akishangaa kusikia somo hilo kutoka kwangu. Desemba ya mwaka huo tulilipa laki 6 za mwisho.

Mikopo ikafunguliwa tena 2024 kwa kanuni mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, Manispaa ya Songea ikiwamo. Mimi sina shaka na benki wala na kanuni. Shaka yangu iko kwa mtu wa kijijini mwenye mwandiko mzuri anayependa kusifiwa. Kanuni ina namna ya kumkamata mwizi. Mlipaji mzuri anayelipa kwa mtaji haonekani mpaka mtaji umekwisha, na hadi hapo kila taarifa inayokwenda wilayani inaonyesha kikundi kinafanya vizuri.

Siku hizi vijana huja kuniomba niwaandikie andiko, maana mwandiko bado ninao. Nawauliza kwanza zao lao linauzwa lini. Wa ufuta aombe kulipa Julai, wa mbaazi angoje mnada wake, wa korosho Desemba. Wakiambiwa haiwezekani, nawashauri waache mkopo huo, na wapo walioniona mchawi kwa kusema hivyo. Kwa wewe ambaye ni mwanachama wa kawaida, usiridhike na taarifa ya mweka hazina hata kama ni kaka yako. Dai karatasi ya benki, isomwe kikaoni mstari kwa mstari, na penye rejesho uliza pesa hiyo imetoka kwenye mauzo ya nini. Swali hilo moja lingenisimamisha Aprili 2019, kabla ya kangomba, kabla ya bomba, kabla ya kalamu mbili.

Kikundi chetu kipo bado, wamebaki saba. Yule dada ndiye mweka hazina. Bomba la pili linafanya kazi, na msimu uliopita lilipulizia mikorosho yangu, nikalipia kama mteja mwingine yeyote. Jina langu liliondolewa kwenye watia saini wa benki, nami sijaomba lirudishwe.